Seli Inapojila

Katika pitapita zangu mjini Isiolo hivi majuzi, mwalimu mmoja wa Biolojia alinialika nizungumze na wanafunzi wake kuhusu istilahi za sayansi. Nilipomaliza, msichana mmoja aliinua mkono. Alikuwa amesoma katika simu ya nduguye ujumbe uliodai kwamba kukaa na njaa hutibu kila ugonjwa kwa nguvu ya kitu kiitwacho otofajia. “Ikiwa njaa inaponya, Mwalimu,” aliuliza, “mbona ukame haukutuponya sisi?”

Swali hilo lilinichoma. Wasomaji watakumbuka kwamba kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022 eneo hili lilikosa mvua ya kutosha kwa misimu mitano mfululizo. Mifugo ilikufa na watoto wakalala bila kula.

Kazi yangu ni isimu, kwa hivyo nilianzia kwenye neno lenyewe. Mwanasayansi Mbelgiji, Christian de Duve, ndiye aliyelibuni mwaka 1963 kutokana na maneno mawili ya Kigiriki: nafsi, na kula. Kiswahili kingesema tu “kujila”, na hapo mtu hushtuka, kwani ajilaye hujimaliza. Lakini sivyo seli ifanyavyo. Sehemu yake inapochakaa, utando hujikunja kuizunguka mpaka ukawa mfano wa kifuko. Kifuko hicho huungana na laisosomu, kijumba chenye vimeng'enya vikali, na kilichomo huvunjwavunjwa kuwa asidi amino na malighafi nyingine za kujengea vitu vipya.

“Kama akala!” alidakia mvulana mmoja wa nyuma. Darasa likacheka. Hakukosea sana, ingawa akala hukatwa kutoka kwenye gurudumu na mpira ukabaki mpira. Seli inafanana zaidi na mhunzi anayeyeyusha sufuria kuukuu ili apate vikuku.

Aliyetufumbulia siri hii ni Mjapani Yoshinori Ohsumi, na chombo chake kilikuwa hamira, hii hii ya kuumulia mahamri. Aliinyima chakula seli za hamira zilizokosa vimeng'enya vya kumeng'enya protini, naye akaona vifuko vikirundikana ndani yake kwa saa chache tu. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1992, akatambua jeni 15 zinazohusika mwaka uliofuata, na mwaka 2016 akapewa Tuzo ya Nobel peke yake.

Basi ni kweli kwamba njaa huamsha otofajia. Hata panya mchanga huitegemea katika saa za kwanza baada ya kuzaliwa, kondo limekatika na maziwa hayajamtosha. Lakini kutoka hapo hadi kudai kwamba njaa hutibu kisukari au saratani ni kuruka bonde lisilo na daraja. Ushahidi mwingi ni wa hamira na panya. Mgonjwa wa kisukari anayeacha kula bila ushauri wa daktari anahatarisha maisha yake. Anayefunga kwa ajili ya imani yake ana sababu yake, wala haihitaji kuegemezwa kwenye maabara.

Nilimjibu yule msichana hivi: mhunzi asiyeletewa chuma kipya atayeyusha vyombo vyake mwenyewe, mwishowe ayeyushe nyundo. Mtoto wa ukame hula misuli yake. Afungaye hufuturu, yeye hakuwa na futari.

Nashikilia kwamba mwalimu wa Biolojia ana wajibu wa kusimama mara moja moja na kueleza kwa Kiswahili, hata kama mtihani ni wa Kiingereza. Msichana yule alikuwa na jina la Kigiriki mkononi, wala hakuwa na maana yake. Pengo hilo ndilo lililojazwa na ujumbe wa simu.

Kengele ililia kabla sijamaliza. Mwenyeji wangu aliniomba nimtafutie Kiswahili cha maneno kumi na mawili ya mada ya seli. Kufikia leo nimepata saba.