Nani Alinakili Ile Miezi Miwili?

Ukizuka mjadala kuhusu Biblia na Wagiriki wa kale, hakosekani wa kuufunga kwa neno moja: wamenakili. Mpinga dini atasema Waebrania waliiba kwa Wagiriki. Mtetezi wa dini atageuza kibao, kama Justin Shahidi wa karne ya 2 aliyedai kuwa Plato alichota kwa Musa. Wote wamepotea njia ileile: hadithi mbili zikishafanana, hawazisomi tena.

Mtazame Yeftha, jemadari wa Israeli, katika Waamuzi 11. Ameweka nadhiri: akirudi na ushindi, atakayetoka mlangoni kwake kumlaki atateketezwa kuwa sadaka. Anatoka mwanawe wa pekee, binti, na matari, akicheza. Agamemnon naye, jemadari wa Wagiriki aliyekwamishwa na upepo pale Aulis, anamtoa binti yake Iphigenia ili merikebu zifike Troya. Jemadari, vita, binti, madhabahu. Basi watu wanapiga makofi: ni ileile!

Si ileile hata kidogo. Kule Aulis damu inadaiwa na mungu wa kike Artemis, na mwaguzi Calchas ndiye anayetamka dai hilo. Kwa Yeftha hakuna aliyedai kitu. Mungu yuko kimya. Mtu amejitia kitanzi kwa kinywa chake mwenyewe. Lawama inahama kabisa, kutoka mbinguni hadi kwa baba.

Halafu tazama vinywa vya mabinti. Katika tamthilia ya Aeschylus iliyochezwa Athens mwaka 458 KK, Iphigenia, aliyezoea kuimba kwenye karamu za baba yake, anazibwa mdomo asije akailaani nyumba yao. Binti Yeftha anasema. Anamtaka baba atimize nadhiri, kisha anaomba miezi miwili aende milimani na wenzake kuulilia ubikira wake. Isaka, alipokaribia kutolewa sadaka na baba yake, aliletewa kondoo dume, na katika tamthilia ya Euripides hata Iphigenia anaokolewa, paa akichinjwa badala yake. Binti Yeftha hakuletewa mnyama yeyote. Inaniuma kila nikiisoma.

Sikatai kwamba hadithi zilisafiri. Wagiriki walipata herufi zao kwa Wafoinike, majirani wa Israeli, na penye biashara ya herufi masimulizi hayakosi kuvuka bahari. Lakini anayeshikilia neno “wamenakili” anijibu: ile miezi miwili milimani, na zile siku 4 ambazo mabinti wa Israeli walikwenda kumlilia kila mwaka, zilinakiliwa kwa nani?