Kompyuta ikizima ghafla, picha za watoto utazipata wapi?

Kompyuta ya nyumbani siku hizi imechukua nafasi ya lile sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda cha bibi. Humo ndimo familia inaweka vitu visivyonunulika tena: picha za mtoto siku aliyozaliwa, vyeti vilivyoskaniwa, majibu ya vipimo vya hospitali, kazi za shule na hesabu za kikoba.

Tofauti ni moja. Sanduku la bati likidondoka, vilivyomo hubaki. Kompyuta ikidondoka, ikimwagikiwa chai, au umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, vyote vinaweza kupotea kwa mara moja. Fundi atabadilisha kioo, betri na hata diski, lakini hawezi kutengeneza upya picha ambayo haipo mahali pengine popote.

Wazazi wengi wanajua kwamba wanapaswa kuweka nakala. Kinachowasumbua ni kuchagua njia. Swali la kuanza nalo si "niweke wapi?" bali "nitarudishaje?" Kompyuta ikizima leo saa mbili usiku na mtoto anatakiwa kuwasilisha kazi yake kesho asubuhi, nani atalirudisha faili hilo, kutoka wapi, na kwa muda gani?

Tenganisha visivyopatikana tena

Si kila kilichomo kwenye kompyuta kinahitaji kulindwa kwa gharama ileile. Mfumo wa Windows unaweza kuwekwa upya. Programu za kuandikia zinaweza kupakuliwa tena. Filamu zinaweza kutafutwa tena.

Picha, video za familia, nyaraka na hesabu haviko hivyo. Viweke kwenye folda chache zinazojulikana, kisha bofya kila folda kuona ina ukubwa gani. Namba hiyo ndiyo itakayokusaidia kuchagua, kwa sababu nyaraka za familia nzima zinaweza kuwa chini ya gigabaiti 2 wakati picha na video zikapita 100.

Diski ya nje

Hii ni ile diski inayochomekwa kwa waya wa USB. Unailipia mara moja, haihitaji bando, na kurudisha gigabaiti 100 kutoka humo kunaweza kuchukua saa moja au hata pungufu.

Kompyuta nyingi zina programu ya kufanya kazi hii bila malipo ya ziada. Windows ina File History, ambayo isipobadilishwa hunakili mabadiliko kila saa diski ikiwa imechomekwa. Kompyuta za Apple zina Time Machine. Zote mbili hutunza matoleo ya zamani ya faili, hivyo mtoto akifuta kurasa kumi za kazi yake bila kukusudia, unaweza kurudi kwenye toleo la jana.

Angalia jambo moja: File History huchukua folda za kawaida kama Documents, Pictures na Desktop. Picha ulizoziweka kwenye folda nyingine yoyote zinaweza kuachwa bila wewe kujua.

Udhaifu wa diski ni kwamba hukaa nyumba moja na kompyuta. Mwizi anayebeba laptopu hubeba na diski iliyo pembeni yake. Moto na mafuriko navyo havichagui.

Ipo pia hatari ya virusi vinavyofunga mafaili na kudai fedha. Mei 2017, virusi vya aina hiyo vilivyoitwa WannaCry viliingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Virusi vya namna hii vinaweza kufunga hata mafaili ya diski iliyochomekwa. Kwa hiyo ukimaliza kunakili, chomoa diski na uiweke mbali.

Flashi inafaa kubebea faili kutoka hapa hadi pale. Kuifanya ghala pekee la picha za miaka kumi ni kujitafutia majuto.

Wingu

Hapa mafaili yako hutumwa kwa intaneti na kukaa kwenye kompyuta za kampuni. Google hutoa gigabaiti 15 bure, zinazojumuisha barua pepe na picha zako. OneDrive na iCloud hutoa gigabaiti 5 kila moja. Zaidi ya hapo unalipia kila mwezi.

Ubora wake ni kwamba nyumba ikiungua, picha zipo. Ugumu wake ni bando na muda. Kwa intaneti yenye kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, kurudisha gigabaiti 100 kutachukua takribani saa 44 mfululizo, ikiwa mtandao hautakatika. Kwa nyaraka na picha chache muhimu, wingu linafaa sana. Kwa video zote za familia, piga hesabu kwanza.

Kuna kosa moja la kuepuka. Huduma nyingi za wingu husawazisha: kinachobadilika kwenye kompyuta hubadilika na kule. Mtoto akifuta folda ya picha nyumbani, hufutika na kwenye wingu. Google Drive huacha kilichofutwa kwenye pipa la taka kwa siku 30 tu, baada ya hapo hakirudi.

Nakala ya kompyuta nzima

Njia ya tatu ni kunakili kila kitu kwa pamoja: mfumo, programu, mipangilio na mafaili. Diski ya ndani ikifa, unaweka mpya, unarudisha nakala, na kompyuta inawaka kama ilivyokuwa.

Inamfaa mzazi anayefanyia kazi nyumbani na mwenye programu zilizochukua siku nzima kuziweka. Lakini inahitaji diski kubwa, na ukinunua kompyuta ya aina nyingine, nakala hiyo inaweza kukataa kufanya kazi humo. Familia nyingi zinatosheka na nakala ya mafaili.

Usichague moja tu

Watunzaji wa picha wana kanuni ya 3-2-1: kuwa na nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 ikae nje ya nyumba. Kwa familia ya kawaida, hiyo ni kompyuta yenyewe, diski ya nje, na nyaraka muhimu kwenye wingu. Asiye na bando la kutosha anaweza kununua diski ya pili, akaiacha kwa dada au kwa mama mkwe, na kuibadilisha kila anapokwenda kusalimia.

Jaribu kabla hujalazimika

Mwaka 1998, watengenezaji wa filamu ya katuni ya Toy Story 2 walifuta sehemu kubwa ya kazi yao kwa amri moja iliyokosewa. Walipokimbilia nakala walizoamini wanazo, wakagundua kwamba mfumo wa kunakili haukuwa ukifanya kazi sawasawa. Aliyewaokoa ni Galyn Susman, mfanyakazi mwenzao aliyekuwa na mtoto mchanga na kufanyia kazi nyumbani. Kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala. Waliifunga mablanketi na kuirudisha ofisini kwa gari.

Kama kampuni yenye wataalamu ilidanganywa na nakala ambayo haikuwahi kujaribiwa, familia isijiamini bila kuangalia.

Jaribio lenyewe ni la dakika kumi. Chagua picha tatu na nyaraka mbili. Zirudishe kutoka kwenye diski au wingu, uziweke kwenye folda mpya, kisha zifungue moja moja. Zikifunguka, una nakala. Zisipofunguka, umejua leo ambapo asili bado ipo. Rudia kila baada ya miezi mitatu, na anayerudisha asiwe mtu yuleyule kila mara.

Hilo la mwisho lina uzito wake. Katika nyumba nyingi, mtu mmoja ndiye anayejua neno la siri. Akisafiri, akilazwa au akifariki, nakala ipo lakini haifunguki. Baadhi ya kompyuta za Windows pia hufunga diski kwa BitLocker, yenye ufunguo wa tarakimu 48. Fundi akiichomoa diski bila ufunguo huo, hataona kitu.

Andika maneno ya siri na ufunguo huo kwenye karatasi, uiweke pale vinapokaa vyeti vya kuzaliwa na hati ya kiwanja, na mwoneshe mwenzi wako au mtoto mkubwa unayemwamini. Kisha mpe diski, umwombe akutafutie picha ya siku mdogo wake alipozaliwa. Akiipata bila kukuuliza, familia yako iko salama.