Bei Moja, Mishahara Mitatu

Pakiti ya unga haipungui bei gari lililoibeba linapotoka Mavoko na kuingia Kitengela. Sabuni haipungui, mafuta ya kupikia hayapungui, na nauli ya matatu haijui mpaka wa Machakos na Kajiado uko wapi. Kinachopungua, tena kwa amri ya serikali iliyochapishwa rasmi, ni thamani ya jasho la mtu anayeipanga pakiti hiyo kwenye rafu za duka kubwa.

Tuwape wasomaji wetu hesabu, kwa kuwa wengi hawajawahi kuonyeshwa. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliigawa nchi katika mafungu matatu. Katika miji mikuu, Nairobi ikiwa ya kwanza, kibarua wa kawaida aliwekewa kima cha chini cha shilingi 15,201.65 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Katika zilizokuwa manispaa, pamoja na miji mitatu iliyotajwa kwa majina, yaani Mavoko, Ruiru na Limuru, aliwekewa shilingi 14,025.40. Kisha likaja fungu la tatu, la “maeneo mengine yote”, ambamo kazi ile ile ilithaminiwa kwa shilingi 8,109.90. Kitengela imo katika fungu hilo. Isinya imo, na Kimana, na Loitokitok. Mavoko na Kitengela zinatenganishwa na dakika chache za barabara ya Namanga, lakini kisheria amri hiyo ya 2022 ilizitenganisha kwa shilingi 5,915.50 kila mwezi. Nyongeza ya asilimia 6 iliyoanza Novemba 2024 haikuliziba pengo hilo, kwa sababu iliongezwa kwa kiwango kimoja juu ya mafungu yote, na asilimia 6 ya kidogo ni kidogo.

Huenda waliochora ramani hiyo walikuwa na sababu zao siku zile Kitengela ilipokuwa nyanda za malisho na vibanda vichache kando ya lami. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliukuta mji huo una wakazi zaidi ya 150,000. Mji wa namna hiyo hauwezi tena kuitwa “maeneo mengine yote”, isipokuwa pale anapotafutwa mtu wa kulipwa nusu mshahara. Na sisi wa Kimana, ambao vijana wetu wakishachoka kuchuma nyanya na vitunguu hupanda gari kwenda kutafuta kazi katika maduka hayo, hatuwezi kusema jambo hili ni la watu wa mjini. (Wanaobaki mashambani wana amri yao nyingine ya mishahara, nayo ina ubaya wake wa kutosha kujaza tahariri nyingine.)

Lakini kima cha chini ni mlango tu. Ndani ya nyumba mna mengi. Kijana anaajiriwa kwa siku, au kwa saa. Anaambiwa jioni kama kesho arudi au asirudi. Anarudi kesho, na kesho kutwa, na mwezi ujao, na mwaka ujao, akivaa fulana yenye jina la duka, akitii zamu za duka, na bado anaitwa kibarua. Akiugua siku mbili, nafasi yake imejazwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haimtambui mtu huyu kuwa kibarua hata kidogo. Kwa maneno yake, kibarua ni yule anayelipwa mwisho wa kila siku na ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 kinaendelea kusema kwamba aliyefanya kazi kwa siku mfululizo zisizopungua mwezi mmoja kwa jumla, au anayefanya kazi ambayo kwa hali ya kawaida haiwezi kumalizika chini ya miezi 3, ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mwezi, mwenye haki ya notisi. Nani atadai kwamba kazi ya kupanga bidhaa katika duka lisilofungwa hata Jumapili ni kazi itakayomalizika kabla ya miezi 3?

Waajiri wanaijua sheria hii kuliko wafanyakazi wao, na ndiyo maana imetafutiwa vichochoro. Kimoja ni kumpumzisha mtu siku chache kila mwezi unapokaribia kutimia, ili siku zake zionekane kukatika. Kingine ni wakala wa ajira: duka linasema halikumwajiri, wakala anasema yeye ni mpelekaji tu. Mwaka 2013, katika kesi ya kampuni ya Wrigley, mahakama ya kazi ilisema kwamba mwajiri asitumie mawakala kuwanyang'anya wafanyakazi haki zinazotokana na chama chao. Kichochoro cha tatu hata wateja hukiona bila kukitambua. Baadhi ya wanaopanga bidhaa kwenye rafu si waajiriwa wa duka, bali wa kiwanda kinacholiuzia duka bidhaa. Mamlaka ya Ushindani iliposikiliza mwaka 2020 malalamiko ya mwuzaji mmoja dhidi ya kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour nchini, kuwekewa watumishi dukani kwa gharama ya mwuzaji ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyolalamikiwa. Mwuzaji ana mamlaka ya kumsikiliza. Mtumishi mwenyewe, aliyesimama pale rafuni, hakuwa mlalamikaji katika kesi hiyo.

Tuseme pia juu ya keshia. Pesa zikipungua jioni, anakatwa. Bidhaa zikiibwa, wakati mwingine wote wa zamu hiyo wanakatwa, mwenye hatia na asiye nayo. Kifungu cha 19 cha sheria hiyo hiyo kinaruhusu mwajiri kukata upungufu wa pesa pale tu ulipotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi ambaye mkataba wake unataja wazi kwamba amekabidhiwa pesa. Adhabu ya pamoja haimo humo. Tuliisoma shuleni katika habari za Hali ya Hatari, ambapo kijiji kizima kilitozwa faini kwa kosa la mtu asiyejulikana. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, inataka anayefanya kazi kwa kusimama apewe mahali pa kukaa anapopata nafasi. Msomaji ahesabu mwenyewe viti atakavyoviona nyuma ya mashine za kulipia atakapokwenda dukani tena.

Wapo watakaotuuliza: jarida la mageuzi ya vyama vingi linatafuta nini katika supamaketi? Tunawajibu kwa historia. Mwaka 1965, serikali iliyokuwa ikielekea kwenye utawala wa chama kimoja ilivunja mashirikisho mawili ya wafanyakazi yaliyokuwa yakishindana, ikaunda COTU, na Rais akajipa uwezo wa kumteua Katibu Mkuu kutoka katika majina matatu aliyopelekewa. Kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kisheria, kilikuja baadaye sana, mwaka 1982. Yaani mfanyakazi alinyamazishwa kwanza, na mwananchi baadaye. Wazee wetu walipokifuta kifungu hicho Desemba 1991, baada ya maaskofu na wachungaji kusimama mimbarini na kusema yaliyokatazwa, walimrudishia mwananchi kura yake. Katiba ya 2010 ikaongeza Ibara ya 41: ujira wa haki, mazingira ya kazi yanayofaa, uhuru wa kujiunga na chama cha wafanyakazi na wa kugoma. Lakini mtu ambaye riziki yake ya kesho inategemea uso wa msimamizi jioni hii hathubutu kuhudhuria mkutano wa chama chochote, cha siasa wala cha wafanyakazi. Hofu tuliyodhani tumeifukuza Ikulu imehamia ghala la nyuma la duka, na huko hakuna uchaguzi kila baada ya miaka 5.

Gharama ya kutokuwa na karatasi huonekana wazi zaidi duka linapoanguka, na katika nchi hii maduka makubwa yameanguka mara nyingi. Uchumi ilifunga milango Juni 2006, ikafufuliwa, ikayumba tena. Nakumatt, iliyoanza Nakuru kwa biashara ya magodoro na kufikia matawi zaidi ya 60 katika Afrika Mashariki, iliwekwa chini ya msimamizi na mahakama Januari 2018. Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe, na maduka sita yaliyosalia yakauzwa kwa Naivas. Tuskys ikafuata njia hiyo hiyo kuanzia 2020. Kila mara wafanyakazi walikuwa wamekaa miezi bila mshahara kabla ya rafu kuwa tupu. Sheria ya Ufilisi ya 2015 haikuwasahau kabisa: baada ya gharama za mfilisi, mshahara wa miezi 4 ya mwisho, usiozidi shilingi 200,000 kwa kila mtu, hulipwa mbele ya wadai wa kawaida. Benki zenye dhamana zina mlango wao. Lakini mfilisi hulipa kwa ushahidi. Aliyekuwa na mkataba na stakabadhi za mshahara huandika dai lake. Aliyeitwa kibarua kwa miaka 6 hana cha kuonyesha ila fulana.

Basi tunasema nini kifanyike? Waziri wa Leba ana uwezo wa kuifuta ramani ya mafungu matatu bila kwenda Bungeni, kwa kuwa ni amri yake mwenyewe. Wabunge wa Kajiado wanapaswa kumdai hivyo, na wapiga kura wawadai wabunge. Chama cha wafanyakazi wa biashara, KUCFAW, kisiishie Nairobi; kije Kitengela kiwaandikishe vibarua, si wale wenye ajira ya kudumu peke yao.

Kwa makanisa tuna ombi la karibu zaidi. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, linamtaka mwajiri amlipe maskini ujira wake kabla jua halijatua, na Papa Leo wa 13 alilirudia jambo hilo kwa wenye viwanda wa Ulaya mwaka 1891. Mahubiri hayo yapo tayari. Kinachokosekana ni meza na kitabu. Parokia au ushirika unaweza kufungua ukumbi wake baada ya ibada, pakae mtu mmoja anayejua kuandika vizuri, na kila kibarua aje na siku alizofanya kazi, jina la duka, jina la msimamizi na ujumbe wa simu wa malipo aliyopokea. Mahakama zetu zimesema mara kwa mara kwamba anayedai kugeuzwa kuwa mwajiriwa wa mwezi lazima athibitishe siku zake. Daftari la shilingi 50 limewahi kushinda wakili wa gharama kubwa. Na kanisa lianze na mlinzi wake mwenyewe, na mpishi wa shule yake. Wao pia wapewe karatasi.

Wanaotaka kudai wasikawie. Sheria ya Ajira inaweka kikomo cha miaka 3 tangu haki ilipovunjwa. Wengi huingoja ahadi ya mwajiri kwamba “mambo yatatengenezwa”, na ahadi hiyo haisimamishi saa. Siku ya mwisho ikishapita, mahakama haina uwezo wa kumwongezea mlalamikaji hata siku moja.