Maharagwe Si Chakula cha Mnyonge

Msomaji kijana, huenda umepata kusikia bwenini maneno haya: "Leo hatukula, tulipewa maharagwe tu." Msemaji ameshiba, sahani yake i tupu, na bado anajihesabu kuwa ameshinda na njaa. Maneno hayo ni upotofu, nami nakusudia kuyapinga. Niliyatamka mwenyewe miaka mingi, kwa hiyo nayajua tangu mizizi.

Hoja ya kwanza ya watetezi wa nyama ni kwamba nyama ndiyo nguvu. Hoja hii ni ya zamani. Huko India, katika karne ya 19, kijana Mohandas Gandhi aliaminishwa na rafiki yake kwamba Waingereza waliwatawala Wahindi kwa sababu walikula nyama. Akala nyama ya mbuzi kwa siri, na usiku akaota kana kwamba mbuzi yu hai analia tumboni mwake. Mwishowe aliiacha kwa sababu alichoka kuwadanganya wazazi wake. Alipokwenda London mwaka 1888 kusomea sheria, alikuwa amemwahidi mama yake kwamba hataigusa. Alitaabika kwa njaa mpaka alipogundua mkahawa usiopika nyama. Mtu huyo ndiye aliyekuja kuutikisa utawala wa Waingereza. Je, nguvu yake ilitoka buchani?

Tutazame na kwetu. Wakimbiaji wetu mashuhuri wa Bonde la Ufa hula zaidi ugali, mboga, maharagwe na chai ya maziwa. Nyama huila kwa kiasi. Githeri nayo imewalea wakulima wa milimani kizazi baada ya kizazi. Mahindi na maharagwe hukamilishana, kwa kuwa kila kimoja huleta sehemu ya protini iliyopungua katika mwenziwe. Hekima hiyo nyanya zetu waliipika chunguni kabla ya wataalamu kuiandika vitabuni.

Hoja ya pili ni heshima: mgeni huchinjiwa. Hapa pana uzito, wala sitaudharau. Nilipoacha nyama, kilichonitisha hakikuwa njaa bali mjomba wangu. Nilimtembelea likizoni, akanichinjia mbuzi. Nikasema, "Mjomba, nashukuru sana, lakini siku hizi situmii nyama." Akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Basi, mwanangu, mbuzi huyu nimemchinjia nani?" Sikuwa na jibu. Kosa lilikuwa langu, kwani ilinipasa kumpasha habari mapema. Tangu siku hiyo hutanguliza salamu na neno langu, na hufika na mfuko wa maharagwe mkononi. Mjomba sasa hucheka. Heshima imo katika moyo wa mwenyeji, haimo katika paja la mbuzi. Lakini moyo huo usiujeruhi kwa ghafla.

Simlaumu mfugaji wa nchi kame, ambaye ardhi yake huotesha majani ya mifugo kuliko mahindi. Yeye hula kile nchi yake inachompa. Ninayemlaumu ni yule mwenye shamba la kunde mlangoni, naye hukopa nyama ili majirani wamwone ameendelea.

Ukikubaliana nami, usikurupuke. Mazoea yana taabu. Anza kwa siku moja katika juma, kisha mbili, kisha nne, mpaka ulimi uzoee. Wala usiondoe nyama ukabaki na ugali na sukumawiki tu, maana huko ni kujidhulumu. Mahali pa nyama pasiwe patupu: weka maharagwe, ndengu, kunde au njugu. Fuatisha chungwa au pera, kwani husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika vyakula hivyo. Maziwa na mayai usiyaache, kwa kuwa mimea haitupi vitamini B12 ya kututosha. Na anayeyaacha hana budi kuitafuta katika vidonge au vyakula vilivyotiwa vitamini hiyo.

Sikuamuru uache nyama. Chaguo ni lako na la wazazi wako. Nakuomba jambo moja tu. Kesho utakapopewa maharagwe, usiseme hukula. Mkulima aliyeyapanda, akayapalilia na kuyavuna kwa jasho lake, hakulima upuuzi. Kula, ushukuru, kisha useme kweli: leo nimekula, tena nimeshiba.