Anayejifunza ndiye apewe pikipiki nzima

"Shangazi, chukua hiyohiyo. Ni ya kujifunzia tu. Utaiangusha mara tatu nne, ukishazoea utatafuta ya maana."

Aliyeniambia hivyo ni mtoto wa kaka yangu, bodaboda wa hapahapa Busisi, kijana anayenipenda na ambaye najua hakunitakia baya. Nikamsikiliza. Nikahesabu Sh850,000, nikakabidhiwa pikipiki ya Kichina yenye tangi jekundu, rangi bado inanukia, na kitambaa cha kufutia vumbi nikapewa bure.

Nieleze kwanza mama wa miaka 46 alikuwa anatafuta nini juu ya pikipiki. Kwa miaka kumi na mitatu nimekaanga sato na mihogo pale kivukoni. Wateja wangu waliletwa na foleni. Basi kutoka Geita likikuta kivuko cha MV Mwanza kimeshang'oa nanga, abiria wanashuka, wananyoosha miguu, njaa inawashika, nami nipo na karai langu. Sikuhitaji kumfuata mtu. Juni 19, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 kutoka kwetu hadi Kigongo juu ya Ghuba ya Mwanza, na tulishangilia kwa dhati. Hakuna mkazi wa Busisi aliyesahau kilio cha mtu mwenye mgonjwa wa kupeleka Bugando usiku, kivuko kiko ng'ambo. Lakini tangu siku hiyo magari yanapita bila mtu kushuka hata kununua maji. Mteja akiacha kuja, unamfuata: Sengerema asubuhi, Kigongo mchana, Usagara jioni. Na ndoo ya samaki ukiipandisha bodaboda kila siku, faida yote inaishia kwa bodaboda.

Basi nikajifunza kwenye barabara ya zamani ya kuteremkia kivukoni, lami ileile niliyoifanyia biashara. Nikibana klachi ili nisimame, pikipiki inasogea. Nikitafuta nyutro, siioni. Nikikamata breki ya mbele, mkono unagota kwenye usukani na chombo bado kinateremka kwenda majini. Nikaanguka kwenye majani. Nikaanguka mbele ya akina mama wenzangu waliokuwa wananiita dereva. Mara ya tatu nikachubuka goti mpaka nikashindwa kupiga magoti kanisani kwa wiki mbili. "Shangazi, hubani klachi mpaka mwisho," mtoto wa kaka yangu ananiambia. Nami nabana mpaka vidole vinauma kama nimepaa magamba ya samaki wa mtumbwi mzima. Anapanda yeye, anazunguka, anarudi anacheka: "Mbona iko poa?"

Nikaamini nimezeeka. Nilishaanza kutafuta wa kuiuzia.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mzee mwenye gereji yake chini ya mwembe, kwenye njia ya Sengerema. Nilimpelekea anitazamie taa tu, ili nikiiuza iwe inawaka. Akaipanda hatua ishirini, akashuka, akarudi anaisukuma kwa mikono. "Mama, na hii hata mimi ningeanguka." Akauchomoa waya wa klachi. Nyuzi zake zaidi ya nusu zilikuwa zimekatika na kujikunja ndani ya mrija, kwa hiyo hata ungebana kwa meno, klachi isingeachia yote. Breki ya mbele ilikuwa imelika hadi chuma. Shokapu za mbele ziliwahi kupinda kwenye ajali na kunyooshwa kwa nyundo, ndiyo maana pikipiki ilikuwa inavuta kushoto kama ng'ombe aliyezoea njia ya nyumbani.

Mtoto wa kaka yangu hakuwa mwongo. Kwake kweli ilikuwa iko poa. Mikono yake ina miaka minane ya bodaboda. Inavuta kulia bila yeye kujua, na miguu yake inakanyaga breki ya nyuma mapema, inatafuta nyutro kabla chombo hakijasimama. Ubovu unafidiwa bila hata kichwa kuambiwa. Mimi sikuwa na mikono hiyo wala miguu hiyo. Anayeanza hana namna ya kutofautisha kosa lake na kosa la chombo, kwa hiyo kila kosa la chombo analiandika kwenye hesabu yake mwenyewe. Ndiyo sababu nasema kauli ya "ya kujifunzia" tumeigeuza kichwa chini. Mzoefu ndiye anayeweza kuhimili pikipiki chakavu. Anayejifunza apewe nzima. Huku ziwani hakuna anayemfundisha mtoto kupiga kasia kwenye mtumbwi unaovuja, kwa hoja kwamba eti bado hajui kupiga kasia.

Na hizi chakavu zinatoka wapi? Nyingi zinazouzwa kwetu kati ya laki nane na milioni moja zimepitia mkataba. Tajiri ananunua pikipiki mpya, anamkabidhi kijana, kijana anapeleka hesabu kila siku, tuseme Sh10,000, kwa mwaka na ushei, mpaka inakuwa yake. Si mpango mbaya, wapo waliojenga kwa mkataba. Ila muda wote huo pikipiki haina mwenyewe. Tajiri haoni kwa nini anunue tairi za chombo ambacho kesho si chake. Kijana naye, hesabu ikishatoka na mafuta yakishawekwa, kilichobaki ni cha ugali. Oili inabadilishwa siku ikikumbukwa. Ikitembea kilomita 100 kwa siku, kwa siku 300, ni kilomita 30,000 kwa mwaka, nyingine imebeba abiria wawili na gunia la dagaa juu ya tangi. Mkataba unaisha leo, kesho inaoshwa, inapigwa rangi, inapelekwa kwa dalali. Halafu tunatafutwa sisi tunaoanza.

Dalali atakuambia ilikuwa ya mwalimu. Kama pikipiki zote zinazosemwa ni za walimu zingekuwa za walimu kweli, shule zetu zisingelia upungufu.

Ukienda kuikagua, usihangaike na dashibodi. Waya wa kuhesabia kilomita huwa umechomolewa zamani. Tazama raba za kuwekea miguu na pedeli ya gia. Zikiwa zimelika mpaka zinang'aa, kilomita umeshazisoma. Tazama meno ya spoketi ya nyuma: yakichongoka kama ya mamba, cheni nayo imekwisha. Chungulia chini ya tangi na shingoni, pale rangi mpya inapopenda kuficha welding. Mkiahidiana saa nne, fika saa tatu, uweke kiganja kwenye injini. Ukiikuta ya moto, muuzaji ameipasha makusudi, maana ina kiburi cha asubuhi. Kisha mwombe mtu aiendeshe huku wewe umesimama nyuma yake, uone kama tairi mbili zinafuata mstari mmoja au kila moja ina safari yake.

Mafundi wengi watakutisha na moshi. Moshi wa bluu ni kweli unamaanisha injini inakula oili, na siku moja utalipia ringi. Lakini kwa mtu anayeanza, mimi nitausamehe moshi kabla sijaisamehe breki. Moshi utanidai hela polepole. Breki ilishanidai goti.

Kuna jambo jingine ambalo vijana hawalifikirii kwa kuwa ni warefu: kaa kwenye siti, nyayo zote mbili zikanyage chini. Si vidole, nyayo. Pikipiki ya cc 150 ina nguvu ya kupanda na mzigo, ni kweli, lakini mimi nikiwa juu yake nilikuwa kama kuku juu ya kiti. Ukianza, chukua ya cc 100. Nguvu isiyokutosha utaijua baadaye, ukishajua kusimama.

Karatasi nitazitaja kwa ufupi, ingawa hapo ndipo watu wanapolia zaidi. Kadi ya pikipiki yangu ya kwanza ilikuwa na jina la mtu wa Kahama ambaye hata aliyeniuzia hakuwahi kumwona. Bila mwenye jina kusaini mauziano, kuhamisha umiliki TRA ni kuzunguka tu. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa shingoni mwa pikipiki na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, kabla hela haijatoka. Na leseni ya kujifunzia ikatwe kwanza. Trafiki haulizi kama wewe ni mama wa samaki.

Pikipiki ya pili niliinunua kwa katekista mmoja wa upande wa Kamanga. Boxer ya cc 100, Sh1,400,000, kadi ina jina lake. Kabla sijauliza, alinitajia ubovu wake mwenyewe: betri imechoka, utaiwasha kwa kiki, na kioo cha kulia kimevunjwa na mbuzi. Akamwachia fundi wangu aikague asubuhi nzima, akatuletea na chai. Siku ya tisa nilikuwa Sengerema na ndoo yangu. Nilianguka nayo mara moja, nilipoingia kwenye kokoto nikabana breki ya mbele kwa pupa. Lilikuwa kosa langu, nikalijua palepale, na sijalirudia. Sasa navuka daraja. Upepo wa ghuba unakusukuma kutoka pembeni, na siku ya kwanza nilikwenda nikiwa nimekaza mabega mpaka Kigongo, lakini pikipiki ilikwenda pale nilipoielekeza.

Kijana wangu ana hoja yake, na si ndogo. "Shangazi, mwenye laki nane afanye nini? Asinunue?" Namjibu hivi: anunue, ila asiimalize laki nane yote kwa dalali. Atafute ya laki saba, hata kama ni mbaya kwa sura na inatoa moshi, mradi haijapinda. Laki inayobaki iingie kwenye waya wa klachi, breki zote mbili na tairi ya mbele kabla hajaipanda hata mara moja. Waya wa klachi bei yake haizidi sahani mbili za wali na sato. Ikiwa hata hiyo laki haipo, asubiri. Miezi miwili ya kupanda bodaboda ni ghali, najua, nimeipanda. Nakuombeni, vijana mnaowatafutia pikipiki mama zenu na shangazi zenu: msizikague kwa mikono yenu tu. Mwiteni fundi, mmuulize kama angempandisha juu yake mtu asiyejua.

Ile nyekundu niliitengeneza kwa Sh310,000. Klachi ikaachia, breki zikashika, ila shokapu zilizopinda zikabaki vilevile. Akaja kijana wa miaka kama ishirini kutoka vijiji vya ndani, hela mkononi, Sh600,000. Nikamwambia inavuta kushoto. Akacheka. "Haina neno mama, ni ya kujifunzia tu."

Nikamrudishia hela yake. Fundi wa chini ya mwembe aliichukua kwa laki nne kama spea, na jioni hiyohiyo akaifungua vipandevipande.