Acheni kumlaumu sonara, mafaili yenu ndiyo mabovu

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi ya kutafuta unga imenibana, lakini leo nimeudhika na lazima niandike. Wiki iliyopita nilikaa meza moja na waandishi wa programu wenzangu hapa Nairobi, na mmoja wao akatangaza kwamba kazi ya usonara imekufa. Ati ukishafinyanga pete yako ndani ya ZBrush au Blender, kilichobaki ni kubonyeza kitufe tu, na yule mzee anayepuliza moto akatafute kazi nyingine. Wote wakacheka. Mwingine akaongeza kwamba sonara "alimharibia" kidani chake, kwa hivyo hakumlipa hata senti.

Hapo ndipo damu iliponichemka, kwa sababu mimi pia niliwahi kusema upuzi kama huo.

Dada yangu alipokaribia kuolewa nilijitolea kumtengenezea pete ya fedha yenye nakshi za milango ya Lamu. Nilifinyanga kwa majuma matatu, kila ua na kila shina. Kwenye skrini ilipendeza ajabu. Nikapeleka faili la STL kwenye duka moja linalochapisha vitu vya pande tatu. Kesho yake wakanipigia simu: "Kaka, faili lako ni tupu." Halikuwa tupu. Muundo wa STL, uliotoka kwa kampuni ya 3D Systems mwaka wa 1987, huhifadhi pembetatu na nambari zake basi. Hausemi kama nambari hizo ni milimita, inchi au mita. Mimi nilikuwa nimechora kwa mita, mashine yao ikasoma milimita. Pete ya kipenyo cha milimita 18 ikawa ya milimita 0.018. Hata siafu haimtoshi, kama siafu ana kidole. Nikarekebisha, wakachapisha, nikapanda basi la usiku kwenda Mombasa.

Sonara niliyemwendea Mji wa Kale aliigeuza ile pete mara mbili tatu, akaikwaruza kwa ukucha. "Mwanangu, hii umeipima kwa kidole au kwa macho?"

"Kwa kompyuta, mzee."

Akaniambia plastiki hiyo italeta majivu, na nakshi ni nyembamba mno. Nikamwambia vipimo vyote ni sahihi na arusi iko karibu. Akaisubu kwa kunihurumia. Ikatoka na vishimo kichwani, na yale maua yangu kama yamelambwa na ng'ombe. Nikamlaumu, nikamlipa nusu, nikaondoka. Dada akavishwa pete ya dukani.

Sasa hebu tuifuate ile pete ndani ya moto tuone nani aliharibu.

Umbo la nta hushikizwa kwenye kijiti, nacho pia ni cha nta, ambacho baadaye kinakuwa mfereji wa kupitishia madini. Huwekwa ndani ya kopo la chuma, likamiminiwa plasta ya jasi iliyochanganywa na silika, hewa ikanyonywa ili mapovu yasing'ang'anie umbo. Plasta ikiganda, kopo huingia tanuri, moto unapandishwa polepole hadi nyuzi 730 hivi, kazi ya saa nyingi, mara nyingi usiku kucha. Nta huyeyuka na kutiririka nje, mabaki yake yanaungua, panabaki uwazi mtupu wenye sura ya pete. Ndipo fedha iliyoyeyuka inaposukumwa ndani kwa nguvu ya mzunguko, au kuvutwa na mashine ya kunyonya hewa.

Plastiki ya kawaida ya printa haina tabia ya nta. Haiyeyuki ikatoka. Huvimba kwanza, ikapasua kuta za plasta, kisha inaungua kwa shida na kuacha majivu. Fedha ikiingia inayakuta hayo majivu humo, na yanapokaa yenyewe haikai. Upo utomvu wa printa uliotengenezwa makusudi kwa kusubia, wenye nta ndani yake, na ziko printa zinazochapisha nta yenyewe. Mimi sikuuliza. Nilichagua ya bei ya chini.

Na kile kijiti? Nilikuwa nimeshakichora mwenyewe kwenye faili, upande mwembamba wa pete, ili kisiharibu nakshi. Ujinga mtupu. Sehemu nyembamba huganda kwanza. Kichwa kinene cha pete bado ni kimiminika, kinasinyaa kikipoa, kinahitaji kuongezewa fedha, na njia imeshafungwa. Lazima kijitoboe chenyewe. Kijiti hushikizwa kwenye unene, na hilo mwanafunzi wa sonara hulijua mapema sana.

Nakshi nazo zilikuwa na kina cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwenye skrini unavuta karibu mpaka mfereji unafanana na Bonde la Ufa, lakini pete ikitoka kwenye plasta ngozi yake ni ya kukwaruza: inapigwa tupa, inapigwa msasa, inang'arishwa, na kina kama hicho kinaondoka na vumbi. Tena madini hupungua yakipoa. Pete ya kipenyo cha milimita 17 ikipungua asilimia 2 tu, imepoteza milimita 0.34, na kidole kitajua.

Haya niambieni, kati ya hayo ni lipi kosa la sonara? Programu ikianguka kwa mteja hatumlaumu mwenye kompyuta. (Sawa, tunamlaumu, lakini moyoni tunajua tunadanganya.) Fedha iliyoharibika inaweza kuyeyushwa tena. Plasta haiwezi, gesi haiwezi, wala usiku mzima wa tanuri. Yule mwenzetu aliyekataa kumlipa fundi baada ya kumpelekea faili bovu amemwibia. Sina neno laini zaidi.

Wako pia wa upande wa pili, wanaosema pete iliyofinyangwa kwenye kompyuta si kazi ya mkono. Nao wananichosha. Mafundi wa Asante kule Ghana, walipotengeneza vipimo vyao vya shaba vya kupimia dhahabu, walikuwa pengine wanachukua mbawakawa au karanga halisi, wanaizungushia udongo, wanaiunguza ndani na kumimina madini mahali pake. Hata nta hawakufinyanga, na vitu vile vimo kwenye makumbusho. Umbo laweza kutoka popote.

Tena kompyuta ina msaada wake wa kweli. Ndani ya Blender, mstari mmoja wa Python, `calc_volume()` ya bmesh, unakupa ujazo wa pete. Ukiwa sentimita 0.6 za ujazo, fedha ya 925 yenye uzito wa gramu 10.4 kwa kila sentimita inakupa gramu 6.2. Dhahabu ya karati 18, gramu 15.5 hivi kwa sentimita, inakupa 9.3. Ongeza ya kijiti. Mteja anajua gharama kabla hata tanuri halijawashwa. Nilidhani nimevumbua kitu, mpaka mzee aliponionyesha anavyopima umbo la nta kwenye mizani na kuzidisha kwa kumi na ushei. Nta ina uzito karibu sawa na maji. Hesabu ni ileile.

Ndiyo, nilirudi kwake. Nilimlipa nusu niliyomdai ubabe, na nikamlipa zaidi anisubie majaribio mawili kwa shaba kabla ya kugusa fedha. La kwanza lilitoka limepinda. Tukanenepesha mgongo. La pili dada analivaa mpaka leo, amekataa nilibadilishe kwa la fedha.

Sasa ninaandika skripti ya kukagua faili kabla halijatoka kwenye kompyuta: vipimo ni milimita au la, wapi ukuta uko chini ya 0.8, wapi nakshi haifiki 0.3. Nambari ni za mzee, za pete na fedha, si zangu. Sharti lake moja tu: maonyo yote yawe kwa Kiswahili, na yasimwite yeye "mtumiaji". Nitaiweka hapa Jumamosi, stima isipopotea.