Kusoma Tarikh ya Kale Chuo Kikuu: Je, ni Kupoteza Umri?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu Waislamu, kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wazazi hutujia madrasa kutaka ushauri: kijana amepata nafasi ya chuo kikuu, asome nini? Ukitajwa udaktari, uhandisi, uhasibu au sheria, nyuso hung'ara. Miaka kadhaa iliyopita alitujia kijana tuliyemsomesha wenyewe tangu juzuu ya Amma. Alikuwa amepata nafasi ya kusoma historia, na hamu yake ilikuwa katika zama za kale na zama za kati. Baba yake alikwisha kasirika. Alituuliza mbele ya mwanawe: "Sheikh, huyu atakula magofu ya Kilwa?" Tulicheka, kisha tukamnasihi kijana abadilishe, asome biashara. Naye, kwa adabu yake, alitii.

Leo tunaandika kwa sababu tumetambua kwamba nasaha ile ilikuwa na kasoro, na kosa la mwalimu halifutiki kwa kunyamaza.

HOJA ZA WANAOIPINGA

Wanaoipinga elimu hii misikitini mwetu wana hoja tatu. Ya kwanza, haina ajira. Ya pili, inahusu mataifa ya makafiri na masanamu yao, na wanaoifundisha humtia kijana shaka katika dini yake. Ya tatu, yaliyopita yamepita, na umma una matatizo ya leo yanayotosha kuushughulisha. Si hoja za kudharauliwa, na waliozisema wengi wao ni watu wenye kuutakia umma kheri. Lakini hebu tuzipime.

Tuanze na Kitabu cha Allah. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, waumini wameamrishwa kuipeleleza habari anapoileta fasiki, wasije wakawadhuru watu kwa ujinga. Katika Surat Ar-Rum, aya ya 9, wanaulizwa kwa nini hawatembei katika ardhi wakaona mwisho wa waliokuwa kabla yao. Na sura hiyohiyo inafunguka kwa habari ya vita vya madola mawili makubwa ya zama zile: Warumi wameshindwa, nao watashinda katika miaka michache. Sisi tulioisoma sura hii tangu utotoni, ni wangapi tunaojua kwamba Wafursi waliuteka mji wa Jerusalem mwaka 614, na kwamba mfalme wa Rumi, Heraclius, aliwavunja karibu na Ninawi mwezi wa Desemba mwaka 627? Mwenye kuijua tarikh ile anaijua pia hali ya Waislamu wachache wa Makka walioisikia ahadi hiyo wakati dalili zote za dunia zilikuwa dhidi yake. Je, elimu inayomzidishia mtu mazingatio katika Qur'an ndiyo tuiite ya masanamu?

MAULAMAA WETU WALIIFANYIA NINI TARIKH

Neno letu "tarehe" na neno "tarikh" ni neno moja. Tumepokea katika athari kwamba Abu Musa Al-Ash'ari (R.A.) alimlalamikia Khalifa Umar (R.A.) kuwa barua zake zinafika hazina tarehe, haijulikani ipi ya mwanzo na ipi ya mwisho. Umar akawakusanya masahaba, ikaamuliwa miaka ihesabiwe tangu Hijra. Yaani utawala wa Kiislamu ulipopanuka, haja ya tarehe ilijitokeza mapema kabisa.

Katika karne ya tano Hijria, mjini Baghdad, Mayahudi fulani walitoa hati wakidai kuwa Mtume (S.A.W.) aliwasamehe watu wa Khaybar kodi ya jizya, na chini yake mna ushahidi wa masahaba. Waziri aliipeleka hati kwa Al-Khatib Al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria (1071). Aliitazama, akasema ni ya uongo. Akaulizwa, umejuaje? Akajibu kwamba miongoni mwa mashahidi yumo Muawiya, naye alisilimu mwaka wa Fat-hi Makka, mwaka wa 8, hali Khaybar ilifunguliwa mwaka wa 7. Tena yumo Saad bin Muadh, naye alifariki baada ya vita vya Khandaq, mwaka wa 5. Hati ikaanguka kwa tarehe mbili tu, bila ya upanga wala kelele.

Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis mwaka 1332, katika Muqaddima yake aliyoiandika mwaka 1377 aliwakosoa wanahistoria wakubwa waliomtangulia, akiwamo Al-Mas'udi, kwa kunakili kwamba jeshi la Bani Israil zama za Nabii Musa (A.S.) lilizidi watu laki sita. Aliuliza: nchi ipi ingelilisha jeshi kama hilo, na vizazi vichache baina ya Yaakub na Musa vingezaaje idadi hiyo? Na As-Sakhawi, aliyefariki mwaka 902 Hijria (1497), alitunga kitabu kizima cha kuwajibu wanaoilaumu elimu ya tarikh. Basi tunaoilaumu leo tujue kwamba jibu letu liliandikwa zaidi ya miaka mia tano iliyopita.

NA HAPA KWETU JE?

Yawezekana ndugu msomaji akasema: hayo ni ya Baghdad na Tunis. Tuje pwani yetu.

Pale Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, wachimbaji wa miaka ya 1980 wakiongozwa na Mark Horton walichimba chini ya msikiti wa Ijumaa uliobaki magofu. Walikuta misikiti mmoja chini ya mwingine, na ya chini kabisa ilikuwa midogo, ya miti, ya karne ya nane Miladia. Maana yake ni kwamba watu walisali mwambao huu katika karne ya pili Hijria. Pale Kizimkazi, Unguja, limo ndani ya msikiti andiko la Kikufi lenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107. Wangapi kati yetu tuliofaulu mitihani ya nahau na balagha tunaweza kusimama mbele ya andiko lile tukalisoma?

Chukueni Kilwa. Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331, akaandika kwamba nyumba zake zimejengwa kwa mbao. Lakini msikiti mkuu wa Kilwa ni wa mawe, na sehemu yake kongwe ilikwishasimama kabla yake. Je, msafiri huyu alisema uongo? Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri hatakimbilia kusema hivyo. Atajua kwamba safari ile iliandikwa mjini Fez na Ibn Juzayy, kwa imla ya msafiri, ikamalizika mwaka 1355, zaidi ya miaka ishirini baada ya ziara. Atajua pia kwamba katika mji mmoja watu wengi huweza kuishi katika nyumba za miti na udongo, na mawe yakawa ya msikiti na ya wenye uwezo. Atazipima habari zote mbili, kisha atasema analoweza kulithibitisha.

Au chukueni masultani wa mji huo. Tarikh ya Kilwa imetufikia kwa njia mbili: kitabu cha Kiarabu ambacho nakala yake imo London, na muhtasari wa Kireno alioutia João de Barros katika kitabu chake cha mwaka 1552. Habari hizo mbili hazilingani katika orodha ya watawala. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, alimweka Sultani Ali bin Al-Hasan, ambaye jina lake limo katika sarafu, kwenye miaka ya karibu na 1200. Kisha mwaka 1984, pale Mtambwe Mkuu, Pemba, ikapatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zikiwamo zenye jina hilo, pamoja na dinari za dhahabu za karne ya kumi na moja. Ikabidi tarehe irudishwe nyuma zaidi ya miaka mia. Tazameni elimu hii inavyofanya kazi: msomi alisema neno, ushahidi ukaja, neno likarekebishwa. Sisi wanafunzi wa elimu ya Hadith hatuoni ajabu. Ndiyo ile kazi ya kumpima mpokezi na kuilinganisha riwaya na riwaya.

Na ule ugomvi wa vibarazani, kwamba wenyeji wa pwani ni Washirazi au ni Waafrika? Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya pwani na mji mmoja wa bara. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi wa watu wa miji ya pwani walikuwa na nasaba ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama, na sehemu kubwa ya nasaba ya Asia, hasa ya Uajemi, kwa upande wa baba, na kwamba mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Basi aliyewaita watu hawa wageni watupu alikosea, na aliyesema kuwa habari za Shirazi zote ni ngano naye alikosea. Mbele ya Allah mbora ni mchamungu, lakini kheri kugombana kidogo kwa elimu kuliko kugombana sana kwa dhana.

JIWE LA MIHRABU

Hapa tunataka kukiri jambo. Miaka ya nyuma tulikuwamo katika kamati ya kujenga upya msikiti mmoja wa zamani wa mwambao. Jengo lilikuwa limechoka, waumini wameongezeka, na wafadhili wamepatikana. Juu ya mihrabu palikuwa na jiwe lenye maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa. Fundi aliuliza alifanyeje. Mmoja wetu akasema ni mapambo tu, liondolewe. Kati yetu tuliokuwapo, watatu tulikuwa tumesoma kwa Kiarabu miaka mingi, na hakuna hata mmoja aliyetoa kalamu mfukoni akanakili mistari ile mitatu.

Baada ya miaka michache ulizuka mgogoro wa kiwanja cha msikiti. Mzee mmoja wa mtaa alikumbuka kwamba jiwe lile lilikuwa na jina la aliyeweka wakfu, na mwaka. Tulipolitafuta, tuliambiwa lilivunjwa likawa kokoto za zege la msingi. Mgogoro uliishia kwa sulhu, na sehemu ya kiwanja ikatutoka.

Enyi ndugu, kuondoa bid'a ni jambo moja, na kufuta tarikh ni jambo jingine. Harakati ya islahi inayovunja jiwe lililoandikwa bila kulisoma haijailinda dini kwa lolote. Imejinyang'anya hati yake yenyewe. Laiti kijana yule angekuwa na elimu aliyoitaka, na laiti siku ile angekuwapo.

KUHUSU AJIRA NA SHAKA

Ni kweli kwamba historia haimtajirishi mtu. Lakini wako walimu wa sekondari, wako watumishi wa mambo ya kale na makumbusho, wako waongozaji wa wageni Kilwa, Kaole na Gede, na ziko hati za Kiarabu katika Nyaraka za Taifa Zanzibar zinazohitaji wasomaji. Kijana wa madrasa anaingia katika elimu hii akiwa na Kiarabu tayari, silaha ambayo wengine huitafuta kwa miaka. Anachokosa aghlabu ni cheti cha kidato cha sita.

Ama shaka, hatukatai kuwa ipo. Wapo walimu na vitabu vinavyoitazama Sira na Hadith kwa jicho la kukanusha kabla ya kuchunguza. Lakini vitabu hivyo vitaandikwa tusome au tusisome. Tofauti ni kwamba tusiposoma, hapatakuwa na wa kujibu ila kwa ghadhabu, na ghadhabu haikuiangusha hati ya Khaybar. Kijana atangulize akida iliyo imara na mwalimu wa kumrejea, kisha aende.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, madrasa zetu zisimzuie kijana kumaliza sekondari. Pili, mifuko ya elimu ya misikiti itenge japo nafasi moja kwa anayesoma tarikh, kama inavyowatengea madaktari. Tatu, kabla ya kuvunja ukuta wowote mkongwe, kila andiko linakiliwe na kupigwa picha, na makaratasi ya masheikh waliotangulia yatolewe katika masanduku yanayoliwa na mchwa.

Kijana yule sasa ana duka, na Allah amembariki. Siku moja tulimkuta amekaa nyuma ya kaunta anasoma kitabu cha magofu ya Songo Mnara. Alipotuona alikifunga, kama mtoto aliyekamatwa na kosa. Tulimwomba radhi. Akasema, "Si neno, Sheikh, mdogo wangu yuko kidato cha tano." Safari hii, inshaallah, tutajua la kumwambia.

Wabillahi tawfiq.